Daktari bingwa wa mkojo: amesomea nini, anatibu nini, na sifa zake tuzipimeje

Malipo ya minada ya korosho yakianza kuingia, maswali ya namna moja huongezeka kwenye simu ya studio. "Mtangazaji, nasikia Mtwara kuna daktari wa mkojo, ni mzuri?" "Mzee wetu ana tezi dume, tumpeleke Ndanda au tuende naye Dar moja kwa moja?" Wanaouliza mara nyingi ni vijana. Wanamuulizia baba au mjomba ambaye mwenyewe asingethubutu kulisema jambo hilo hewani. Fedha imepatikana, familia imekaa kikao, na sasa wanatafuta jina la daktari.

Hapa hatutaji jina la daktari wa kumfuata wala wa kumkwepa. Tunaeleza daktari bingwa wa mfumo wa mkojo ni mtu gani, amepita wapi kimasomo, kazi zake ni zipi, na maneno ya watu waliotibiwa naye uyasikilize vipi kabla hujapanda gari.

Bingwa ni nani?

Huku kwetu kila aliyevaa koti jeupe tunamwita daktari, na wala hatukosei adabu kwa hilo. Ila hospitalini ngazi zipo. Tabibu amesoma stashahada, na Masasi tuna chuo kinachowafundisha. Muuguzi ana masomo yake, na Newala kuna chuo cha uuguzi. Daktari amesoma udaktari chuo kikuu miaka mitano, kisha amefanya kazi mwaka mmoja hospitalini chini ya uangalizi kabla ya kupewa usajili kamili. Daktari bingwa ni huyo huyo aliyerudi chuoni kusomea eneo moja kwa miaka mingine mitatu au zaidi.

Bingwa wa mfumo wa mkojo, ambaye kitaalamu huitwa bingwa wa urolojia, ni daktari wa upasuaji. Eneo lake ni figo, mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, kibofu, na njia ya kutolea mkojo. Kwa wanaume anaongeza tezi dume, korodani na uume. Yapo makosa mawili ambayo watu hufanya hapa. La kwanza ni kudhani huyu ni daktari wa wanaume tu. Mwanamke mwenye mawe kwenye figo au uvimbe kwenye kibofu naye ni mgonjwa wake. La pili ni kumchanganya na bingwa wa figo anayewatibu watu ambao figo zimeshindwa kazi na wanasafishwa damu kwa mashine. Wanafanya kazi jirani, lakini si mtu mmoja. Familia inaweza kusafiri hadi Dar es Salaam ikamfuata bingwa mzuri kabisa, kumbe si wake.

Nchini mwetu mabingwa wa urolojia wanafundishwa Muhimbili na KCMC, Moshi. KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na mtu anayetajwa sana katika kuanzisha huduma ya urolojia pale ni daktari Mmarekani wa kanisa la Mennonite, Lester Eshleman, aliyeanza kazi yake Shirati, mkoani Mara. Wengi kati ya mabingwa wa Kitanzania unaowakuta leo wamepita katika moja ya hospitali hizo mbili. Wengine wamesomea nje ya nchi.

Kusini kwetu tuna historia ya aina nyingine. Mwaka 1935 alifika Lulindi, wilayani Masasi, daktari mpasuaji Mwingereza aliyeitwa Leader Stirling, akiwa na misheni ya Anglikana ya UMCA. Mwaka 1949 aliingia Kanisa Katoliki akahamia Mnero, upande wa Nachingwea. Baadaye akawa mbunge, na kuanzia 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Alifariki mwaka 2003. Daktari wa wakati ule hakuwa na nafasi ya kusema "hili si eneo langu." Mgonjwa aliyeletwa na machela kutoka porini alitibiwa na huyo huyo aliyekuwepo, liwe tumbo, mfupa au mkojo. Naona ndiyo maana wazee wetu mpaka leo wanauliza "daktari yupo?" na si "daktari wa nini yupo?" Mazoea hayo yalifaa zama zile. Leo yanatugharimu.

Matatizo ambayo hayahitaji kusubiri bingwa

Kabla hujamsaka bingwa, jiulize kama unamhitaji kweli. Mabusha, ambayo wengine huyaita ngiri maji, yapo sana ukanda wa Lindi na Mtwara kwa sababu ya ugonjwa wa matende na mabusha unaoenezwa na mbu. Upasuaji wa busha la kawaida hufanywa katika hospitali ya wilaya na daktari aliyefundishwa kazi hiyo. Wapo wanaume wamekaa na busha miaka kumi wakisubiri "bingwa kutoka Dar," na bado hawajauliza hospitali ya wilaya.

Kichocho nacho hakihitaji bingwa kikiwa kichanga. Sisi wa juu tunashuka mabondeni na upande wa Mto Ruvuma kulima mpunga na kuvua, na katika maji yaliyotuama yenye konokono ndipo ugonjwa ulipo. Mtoto anayekojoa damu mwishoni mwa mkojo apelekwe zahanati akapimwe. Dawa yake ni vidonge vinavyopimwa kwa uzito au urefu wa mtoto. Zamani baadhi ya watu walichukulia damu hiyo kama dalili ya kijana kukua. Si kukua huko. Kichocho kikiachwa miaka mingi kinaharibu kibofu na figo, na kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Hapo ndipo bingwa anaingia, na anaingia akiwa amechelewa.

Kuna jambo la maji pia. Anayeijua Newala anajua dhiki ya maji ya uwanda wa Makonde, ndoo inavyopandishwa kutoka bondeni. Mtu anayeshinda shambani juani na kunywa kikombe kimoja hadi jioni, mkojo wake unakuwa mzito na wa rangi ya chai. Kufanya hivyo mwaka hadi mwaka kunaongeza uwezekano wa kupata mawe kwenye figo. Maumivu ya ubavu yanayokuja kwa mawimbi na kushuka kuelekea kinena ndiyo dalili yake kubwa, na mawe makubwa ni kazi ya bingwa.

Na "UTI sugu" tunayoisikia kila kona? Maambukizi ya njia ya mkojo yapo, lakini mwanaume wa miaka 60 anayeamka mara nne usiku na mkojo wake unatoka kwa kudondoka, akiambiwa kila mwezi kwamba ana UTI na kupewa dawa nyingine, ameshapita hatua ya dawa za dukani. Apimwe tezi dume. Mwenye kukojoa damu bila maumivu, hasa mtu mzima, hata kama damu imetokea mara moja ikaacha, achunguzwe kibofu na figo.

Mambo mawili hayasubiri mnada wala kikao cha ukoo. Moja ni mkojo kuziba kabisa huku tumbo la chini limejaa na kuuma. Kituo chochote chenye muuguzi mwenye ujuzi na vifaa kinaweza kuweka mpira wa mkojo na kumtoa mgonjwa hatarini usiku huo huo. La pili ni kijana au mtoto wa kiume anayepata maumivu makali ya ghafla ya korodani moja. Korodani inaweza kuwa imejisokota, na ikipita kama saa sita bila kupasuliwa uwezekano wa kuiokoa unashuka sana. Asipewe panadol akalale.

Mjomba na "bingwa" wa mjini

Hapa niseme la nyumbani. Mjomba wangu, mkulima wa vijiji vya Newala, alihangaika na mkojo kwa karibu miaka mitatu. Alikunywa mizizi, akanunua dawa za chupa. Usiku mmoja wa msimu wa korosho mkojo ukaziba. Alipelekwa kwa bodaboda, akawekewa mpira, akaambiwa akamuone bingwa.

Kwetu sisi Wamakonde mjomba ndiye anayeamulia wengine, kwa hiyo akiugua yeye, hakuna mwenye ubavu wa kumwambia aende wapi. Alienda alikoelekezwa na rafiki yake wa mnadani: kliniki moja ya mjini, siitaji. Rafiki alikuwa ametibiwa pale akapona. Mjomba alilipa, akapewa vidonge, akaambiwa arudi. Akarudi, akalipa tena. Mpira ule ule alikaa nao zaidi ya miezi miwili, wakati mipira ya kawaida hutakiwa kubadilishwa kama kila baada ya wiki nne. Akapata homa na mkojo wa usaha. Tulipokuja kuuliza vizuri, rafiki yake alikuwa ametibiwa kisonono, siyo tezi dume. Na aliyemtibu mjomba alikuwa tabibu. Hakuwahi kusema yeye ni bingwa. Ni sisi tuliompa cheo hicho, na yeye hakutusahihisha.

Mjomba alifanyiwa upasuaji baadaye kwenye hospitali ya rufaa na anaendelea na shamba lake. Lakini miezi ile na fedha ile havikurudi. Tangu hapo, mtu akiniambia "yule daktari ni mzuri," swali langu la kwanza ni: alikutibu nini?

Kuuliza masomo yake si kumvunjia heshima

Madaktari wote wa Tanzania Bara wanatakiwa wawe wamesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2017. Baraza linatunza daftari la majina, na usajili wa bingwa unaonyesha eneo alilosomea. Kijana mwenye simu ya intaneti anaweza kufungua tovuti ya Baraza akatafuta jina. Asiye na intaneti aulize mapokezi au kwa katibu wa hospitali, kwa upole tu: "Naomba kujua, daktari tutakayemuona ni bingwa wa upasuaji wa jumla au wa mkojo?" Hospitali nzuri haikasiriki kwa swali hilo.

Swali hili lina uzito kipindi cha kambi za madaktari bingwa zinazofika kwenye hospitali za wilaya kwa siku chache. Kambi hizo zimesaidia watu wengi. Ila timu huja na mabingwa wa fani fulani fulani, kwa mfano wanawake na uzazi, watoto, upasuaji wa jumla, magonjwa ya ndani na dawa za usingizi. Wa mkojo anaweza asiwemo. Tangazo likisema "mabingwa wanakuja," piga simu au tuma mtu akaulize ni wa nini, kabla hujambeba mzee kutoka Kitangari.

Wapo pia waganga wa tiba asili, ambao wana Baraza lao la usajili. Mwenye cheti cha Baraza hilo ana kibali cha tiba asili, na kibali hicho hakimfanyi kuwa daktari wa mkojo. Na tangazo la redioni, nalisema mimi mtangazaji, si cheti cha kitu chochote.

Baada ya masomo, uliza vifaa. Bingwa asiye na vifaa ni kama fundi cherehani aliyeacha cherehani nyumbani. Tezi dume iliyovimba bila saratani inaweza kutibiwa kwa vidonge, au kupunguzwa kwa kifaa kinachopitishwa njia ya mkojo, au kutolewa kwa kupasua tumbo la chini. Njia zote ni halali. Hospitali yenye kifaa itakupa nafasi ya kuchagua, isiyonacho itapasua au itakupa rufaa. Uliza: hapa mnafanya kwa njia gani? Nitalala siku ngapi? Damu ya akiba inahitajika?

Kuhusu vipimo, kile cha damu kiitwacho PSA kimepata jina kubwa kuliko uwezo wake. Namba ikiwa juu haimaanishi saratani moja kwa moja. Maambukizi, tezi kubwa ya kawaida, au mpira wa mkojo uliowekwa juzi vinaweza kuipandisha. Ndiyo maana daktari hupima pia kwa kidole, huagiza utrasaundi, na akiwa na shaka hukata kinyama kikapimwe maabara. Kipimo cha kidole huchukua muda mfupi, na najua wanaume wa huku wanavyokizungumzia kwa mzaha vijiweni. Tezi dume ndiyo inayoongoza kwa saratani za wanaume Tanzania. Mzee akikikataa kwa aibu, mwacheni aongee na daktari peke yao kwanza, wajukuu watoke nje.

Maneno ya waliotibiwa

Sifa za daktari huku zinasafiri kwa mdomo: msikitini, kanisani, kwenye foleni ya chama cha msingi. Hazipaswi kudharauliwa. Lakini zinahitaji kuchambuliwa kama korosho, daraja la kwanza upande wake na la pili upande wake.

Mtu akisema "alinipokea vizuri," hiyo ni habari ya tabia, nayo ina thamani yake. Haijakuambia kama anajua kupasua. Mtu akisema "nilipona," uliza lini. Aliyepasuliwa wiki iliyopita bado hajajua. Anayeweza kukusaidia ni yule aliyetibiwa tatizo kama lako, ambaye imepita miezi sita. Muulize mkojo unatokaje sasa, kama anavuja, kama alirudishwa chumba cha upasuaji, kama alionwa tena baada ya kuruhusiwa, na kama majibu ya kinyama aliletewa au yalipotea.

Lawama nazo zichunguzwe. Ipo moja inayosikika sana: "Daktari amemmaliza mzee, mbegu hazitoki." Baada ya upasuaji wa tezi dume ni kawaida mbegu kurudi kwenye kibofu wakati wa tendo na kutoka baadaye na mkojo. Haziletei mtu ugonjwa. Kusimama kwa uume ni jambo jingine, na wengi waliokuwa na nguvu kabla wanabaki nazo. Mkojo kuwa na damu kidogo katika wiki za mwanzo nako kunatarajiwa. Kwa hiyo mara nyingi kosa la daktari anayelaumiwa hivyo si mkono wake bali mdomo wake. Hakueleza kabla. Na hilo ni kosa la kweli, kwa sababu mwanaume ana haki ya kulijua na kuamua kabla ya kuweka sahihi au dole gumba.

Lawama nzito ni za aina nyingine: kudaiwa fedha mkononi bila risiti, kupasuliwa bila kuelezwa, kuachwa na mpira bila tarehe ya kurudi. Ukikutana nazo, anza na uongozi wa hospitali au sanduku la maoni. Fedha ya mlango wa nyuma iripoti TAKUKURU kwa 113, ni bure. Makosa ya kitaaluma hupelekwa Baraza la Madaktari, na hapo kadi yako, risiti na karatasi ya kuruhusiwa ndiyo mashahidi wako. Msizitumie kufungia karanga.

Kutoka huku, njia ni ipi?

Anza na kituo chako cha afya au hospitali ya wilaya: Newala kwa wa Newala, Mkomaindo kwa wa Masasi mjini. Ndanda, kwenye barabara ya Masasi kwenda Mtwara, ipo hospitali ya misheni ya Wabenediktini ambayo watu wa pande zote mbili wanaitumia tangu enzi za babu zao. Mtwara kuna Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa, na ile ya rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Mbele ya hapo ni Muhimbili, KCMC, au Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, yenye jina la mtoto wetu wa Lupaso.

Mabingwa huhama, huenda masomoni, na hukaa kliniki siku maalumu za wiki. Kwa hiyo usisafiri kabla ya kupiga simu. Namba ya Wizara ya Afya, 199, haina malipo, na wanaweza kukuelekeza. Chukua barua ya rufaa, maana mwenye bima anayeruka ngazi anaweza kujikuta analipa mwenyewe. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana utaratibu wa msamaha na dirisha lake. Familia iende kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali ikiwa na barua ya serikali ya kijiji.

Siku ya safari mbebe dawa zote anazotumia, pamoja na zile za mizizi, au angalau mzitaje. Baadhi ya dawa za moyo na za maumivu zinaongeza kutoka damu, na mpasuaji anatakiwa kujua mapema. Kama amewekewa mpira, andikeni tarehe uliyowekwa kwenye jalada la daftari lake. Na anayemsindikiza awe mtu ambaye mzee hataona haya kusema mbele yake kwamba usiku analowanisha godoro.